Kura ya Muumini

Wahenga walinena: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Methali hii ni mizani ya kupimia haki ya mtu asiyefanana nasi, na tarehe 22 Mei 2015 taifa zima la Ireland lilipimwa kwayo. Wananchi waliulizwa kama katiba yao iruhusu watu wawili kufunga ndoa bila kubaguliwa kwa jinsia zao. Takriban asilimia 62 ya waliopiga kura waliridhia. Ilikuwa mara ya kwanza duniani kwa nchi kuhalalisha jambo hilo kwa kura ya wananchi wote. Nayo ni nchi ambayo, kwa sensa ya 2011, asilimia 84 ya wakazi walijitambulisha kuwa Wakatoliki. Matokeo hayo yasingepatikana bila mikono ya waumini. Je, waliisaliti imani yao, au waliitii?

Wako wasemao waliisaliti. Imani, kwa hoja yao, si joho la kuvuliwa mlangoni mwa chumba cha kupigia kura. Ndoa ni agano la mume na mke tangu kuumbwa ulimwengu, na sheria ikiibadili maana, huwafunza watoto maana hiyo mpya. Maaskofu wa nchi hiyo waliwasihi waumini wakatae. Hoja hii isibezwe, kwani mwenye kuitoa aghalabu hasukumwi na chuki, bali na hofu ya Mola wake.

Mary McAleese alishika njia nyingine. Alizaliwa Belfast mwaka 1951, miongoni mwa Wakatoliki waliokuwa wachache, na ghasia za kimadhehebu zikaifukuza familia yake nyumbani kwao. Alikuwa Rais wa Ireland tangu 1997 hadi 2011, kisha akasomea sheria za Kanisa mjini Roma. Mama huyu, ambaye mwanawe wa kiume hupenda wanaume wenzake, alisimama hadharani kuomba kura ya ndiyo, naye yungali Mkatoliki. Aliyekwisha kuonja ncha ya mkuki haulizi kama unauma.

Njia hiyo yategemea tofauti iliyopo baina ya dhambi na jinai. Kanisa Katoliki hufundisha kuwa kukosa Misa ya Jumapili pasipo udhuru ni dhambi, wala hakuna adaiye mkosaji apelekwe mahakamani. Ireland iliruhusu talaka kwa kura ya 1995, na Kanisa likabaki na mafundisho yake. Vivyo hivyo, kura ya 2015 haikumlazimisha padri yeyote kufungisha ndoa asiyoiamini. Iligusa daftari la serikali, haikugusa madhabahu.

Hata hivyo, tofauti hiyo haimwondolei muumini mzigo. Kumpa jirani haki ni tendo, na kumnyima ni tendo vilevile. Kwa yote mawili ataulizwa. Lakini sheria haimwingizi mtu peponi. Uwezo wake ni kumfungulia au kumfungia mlango hapa duniani. Basi muumini na amwombee jirani yake kwa kadiri ya imani yake, ila akumbuke kwamba ndani ya kile chumba, mkuki umo mkononi mwake yeye, si mwa Mungu.