Deni la Serikali ni la Nani?

Aristotle aliuliza swali moja katika kitabu cha tatu cha Siasa, kisha akalipita bila kulimaliza: mji ukibadili utawala, je, ni haki ulipe madeni yaliyoachwa na watawala waliotangulia? Wapo watu wa zama zake walioshikilia kwamba aliyekopa ni dikteta, si mji, kwa hiyo dikteta akishaondoka hakuna wa kudaiwa. Yeye akasema hilo ni suala la mahali pengine, akaendelea na mengine.

Nchini Kenya suala hilo lina ankara na mihuri. Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, magavana wengi wapya wameanza kazi kwa kuunda kamati za kuchunguza bili zisizolipwa za watangulizi wao. Mwaka 2023 Serikali Kuu nayo iliunda kamati yake chini ya Edward Ouko, aliyekuwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, ipitie madai ya kuanzia mwaka 2005 hadi 2022. Mtoto aliyezaliwa 2005, kamati ilipoundwa, alikuwa ametimiza umri wa kuchukua kitambulisho.

Uhakiki wenyewe si kosa. Bili hewa zipo, bei zilizotiwa chumvi zipo, na kamati ya Ouko ilikataa sehemu kubwa ya madai iliyoyapokea. Kodi ya mwananchi haifai kulipia mchele ambao haukufika ghalani. Lakini mchele uliofika, ukapimwa, ukapokelewa kwa saini, ukapikwa na kuliwa na wagonjwa, je, nao usilipiwe?

Mama aliyeupeleka alichukua hati ya ununuzi, yaani LPO, akaipeleka benki akakopeshwa, akamlipa mwenye lori na vibarua. Kisha akaanza safari za ofisini. Leo faili iko kwa mhasibu, kesho mfumo umekwama, keshokutwa fedha za Hazina hazijaingia. Benki haingoji. Akishindwa kulipa, dalali humfikia yeye na kuchukua alichoweka rehani. Yeye hawezi kumtuma dalali kwa mdeni wake, maana Sheria ya Kesi dhidi ya Serikali, kifungu cha 21, inakataza kukamata mali ya serikali hata baada ya mahakama kuamua kwamba inadaiwa. Ana hukumu mkononi, anarudi tena mahakamani kuomba amri ya kumlazimisha afisa alipe.

Basi kinachobaki kumbana mdeni wa namna hii ni dhamiri, na hapo dini hazikukaa kimya. Torati imeagiza ujira wa kibarua maskini ulipwe kabla jua halijatua. Mtume Muhammad alihesabu kuwa dhuluma tendo la mwenye uwezo kuchelewesha deni. Kurani humtaka mdai ampe nafasi mdeni aliyekwama. Ila huruma hiyo ni ya aliyekwama kweli, wala haimhusu anayetangaza tenda mpya huku za zamani hazijalipwa.

Katika mazishi ya Waislamu wa pwani, jamaa husimama mbele ya waombolezaji akatangaza kwamba mwenye kumdai marehemu ajitokeze. Na kwa sheria ya mirathi, deni hutolewa kwanza, ndipo warithi wagawane kilichobaki. Gavana mpya ni mrithi wa aina hiyo. Hupokea ofisi, magari, ushuru wa soko na mgao wa Hazina. Hawezi kushika mali kwa mkono mmoja na kwa mwingine akasukuma deni lililokuja nayo. Swali la Aristotle, kwa kipimo hiki, lina jibu: aliyekopa ni umma, na umma haukuondoka na gavana.

Lipo jambo lingine zito zaidi: kumtegemea mteja mmoja. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu, IFRS 8, huzitaka kampuni za soko la hisa zieleze wazi mteja mmoja anapoleta asilimia 10 au zaidi ya mapato, kwa sababu mteja huyo akiyumba, kampuni nayo huyumba. Lockheed Martin ya Marekani ilipata asilimia 73 ya mauzo yake ya 2023 kutoka kwa serikali yake, lakini huko kuna sheria ya mwaka 1982 inayoilazimu serikali ilipe riba ikichelewa. Kenya nayo imeweka riba katika Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015. Ila mama wa mchele, ambaye mteja wake mkubwa ni kaunti, ataidai vipi riba hiyo, naye anahofia kunyimwa tenda ijayo? Na ni serikali hiyohiyo iliyomwita, kwa kutenga asilimia 30 ya ununuzi wake kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu.

Kumwita mnyonge sokoni, ukawa ndiye mteja wake mkubwa, kisha usimlipe, ni dhuluma hata kama hakuna aliyeiba senti. Kamati za uhakiki zipewe tarehe ya kumaliza kazi, na bili zilizothibitishwa zilipwe kabla ya tenda nyingine kutangazwa.