Prosesa ya Kushikizia

Prosesa ya kushikizia hununuliwa huku macho yakiwa kwenye nyingine. Soketi ya AM4 ya AMD iliruhusu hilo: mbao mama nyingi, zikisasishwa BIOS, zilibeba Athlon 3000G ya 2019, yenye viini viwili na bei ya dola 49, kisha Ryzen 7 5800X3D ya 2022, iliyotoka kwa dola 449. Je, hizo 49 zimetupwa? Aristotle alitenga vinavyotafutwa kwa ajili yavyo vyenyewe na vinavyotafutwa kwa ajili ya vingine. Mgawanyo huo haumtoshi mwenye kompyuta: barua iliyoandikwa kwa Athlon ni barua kamili, si ya muda. Hasara halisi ni miezi ya kusubiri bila kuandika. Tena, grisi iliyokauka ikifutwa, na pini zikiwa hazijapinda, Athlon hiyo bado huuzika.