Ubao wa Herufi Hautoshi

Wanangu, nimezeeka katika kazi ya macho, na maneno haya nimeyasema hapa Kamembe, Rwanda, mpaka mdomo umechoka. Nayasema tena, taratibu, kwa kuwa kila shule zikifunguliwa huletewa kijana aliyebadilisha miwani mara kwa mara, na mzazi wake ananiuliza: "Mzee, ugonjwa umefikia wapi?"

Swali ni zuri. Ninachosikitikia ni kwamba mmekwisha kujijibu kabla ya kufika. Mnasema anasoma ubaoni akikaa mbele, basi ugonjwa bado ni mdogo. Sivyo. Keratokonasi ni konea, kile kioo cha mbele ya jicho, kukonda na kuchongoka polepole. Huwapata zaidi vijana wanaobaleghe, na macho mawili hayaendi sawa. Jicho zima humsomea, nyumbani wanamshukuru Mungu, na lile jingine linazidi kuharibika bila mtu kulifunika lenzake akalijaribu.

Tunachopima kwanza ni umbo na unene. Konea ya kawaida ina mpindo wa dayopta 43 au 44 hivi, na unene wa mikroni 540 hivi katikati, nusu milimita na ushei. Kwa madaraja ya zamani ya Amsler na Krumeich, wastani wa mpindo usiopita 48 ni daraja la 1. Ukipita 53 umeingia la 3. Ukipita 55, au kovu likishika katikati, ni la 4. Kasoro ya madaraja hayo ni kutazama uso wa mbele wa konea, na uso wa nyuma mara nyingi ndio hutangulia kubadilika. Mwaka 2016 daktari wa macho Belin alileta mpango wa herufi nne: A ni mpindo wa mbele, B wa nyuma, C unene wa pale palipokonda zaidi, D ni jinsi mtu anavyoona akiwa na miwani. Kusoma ubao ni D, herufi ya mwisho. Ninyi mnaanza nayo na kuishia hapo hapo.

Mashine ya kuchora ramani ya konea si ya kila hospitali, najua. Lakini muuguzi mwenye tochi ya retinoskopi akimmulika kijana ataona mwanga ukifunguka na kufumba kama mkasi. Akimwambia tazama chini na kope la chini likasukumwa mfano wa herufi V, huyo amekwenda mbali. Hapo chukua rufaa, beba kadi ya mituweli, ile bima ya afya, panda basi uvuke msitu wa Nyungwe hadi Kabgayi au Kigali. Nauli inauma, sikatai. Ila kuna namba isiyosubiri mavuno: mikroni 400. Tiba ya matone ya vitamini B2 na mionzi ya urujuanimno, iliyoanzia Dresden, Ujerumani, huikaza konea isiendelee kuchongoka, na kwa utaratibu wake wa kawaida inataka unene usiopungua hapo. Haimrudishii mtu uoni aliopoteza. Aliyechelewa hadi kovu huenda akabakiwa na kupandikizwa konea ya marehemu, na hiyo si ya kuokotwa sokoni.

Karatasi za vipimo msifungie maandazi. Namba ya siku moja haisemi kama ugonjwa unakimbia au umetulia. Tunaiweka kando ya ile ya mwaka jana. Mpindo ukipanda dayopta 1 kwa mwaka, ugonjwa unakwenda. Wa miaka 15 namwita tena baada ya miezi michache; wa miaka 40 namwachia nafasi zaidi, maana kwake huwa umepoa.

Halafu kusugua macho, maana huzidisha ugonjwa huu. Uchunguzi wa watoto wa shule wa Rwanda uliochapishwa 2011 ulikuta wapatao 4 kati ya 100 wana mzio mkali wa macho, na mtoto anayewashwa husugua mchana kutwa, kwa kifundo cha kidole, akisikia raha. Huko Bugarama, kwenye joto na vumbi, nawaona wakisugua huku mama anatazama. Mtibuni mzio huo kwanza; kumchapa mkono hakumpunguzii mwasho.

Na anayevaa lenzi za jichoni azivue kabla ya kupimwa: laini wiki nzima, ngumu wiki mbili au zaidi, kama daktari atakavyomwambia. Lenzi huikandamiza konea, na mashine itatoa namba za uongo.