Nani Atafagia Vipande?



Shule zikifungwa hapa Doha, joto hupita nyuzi 40 na watoto wetu hubaki ndani ya fleti tangu asubuhi hadi magharibi. Wazazi tunaulizana la kufanya. Televisheni imechosha, simu zimezidi, na madukani pesa zinateketea. Jibu moja ni la zamani: tuwafundishe watoto kutengeneza vitu kwa mikono yao. Lakini ndani ya jibu hilo mna swali la maadili. Mtoto anapotengeneza kitu, hasa hujifunza nini?

Vifaa tunavyo. Boksi la maziwa, vizibo vinne vya chupa na vijiti viwili vya mishikaki vinatosha kwa gari. Soksi kuukuu ikijazwa matambara na kufungwa kamba ni mpira wa chandimu. Gazeti, gundi na chelewa mbili za ufagio ni tiara ya kurusha jioni ufukweni. Hata majani ya mtende yafaa: mkindu, ambao bibi zetu husukia mikeka, ni wa jamii moja na mtende. Yachanwe membamba, yalowekwe, na mtoto aanze kwa kusuka vipande vitatu kama nywele.

Kwa macho ya mhandisi, uzuri wa kazi hizi ni kwamba kitu hakibembelezwi. Kizibo kilichotobolewa nje ya kitovu kitachechemea tu, mtoto alie asilie. Itambidi akitoe, apime, atoboe kingine. Hapo ndipo anapogundua kwamba kila kinachozunguka vizuri kuna mtu aliyekihangaikia. Kwangu mimi, hilo ndilo somo lenyewe, na gari ni ziada.

Somo hilo lina uzito wa pekee katika mji huu. Hapa watoto wetu huona vitu vingi vilivyotengenezwa na watengenezaji wachache sana. Majengo huota angani, lakini waliojenga husafirishwa kwa mabasi na kulala mbali nasi. Tangu mwaka 2021, amri ya serikali husimamisha kazi za juani kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 9 na nusu alasiri, tarehe 1 Juni hadi 15 Septemba. Basi mtoto aliyefungiwa ndani na fundi aliyejibanza kivulini wanalikimbia jua lile lile, bila kujuana. Nyumbani nako, shati hukutwa limeshapigwa pasi. Pasipo kuambiwa na mtu, mtoto anaweza kuamini kwamba kazi ya mikono ni ya watu fulani, wenye pasipoti fulani. Na baadhi ya watu hao ni ndugu zetu waliotoka Kenya, Uganda na Tanzania.

Mpelekeni Souq Waqif aone boriti zilizochomoza kutani. Katika nyumba za kale za Ghuba boriti zilikuwa za mikoko, nyingi zikiletwa kwa majahazi kutoka Rufiji na Lamu. Vyumba vilikuwa vyembamba, upana wa mita tatu hivi, kwa kuwa boriti haikufika zaidi ya hapo. Yaani urefu wa mti uliokatwa matopeni kwetu ndio uliopima chumba cha tajiri wa huku, na jina la mkataji halikuandikwa popote.

Yupo atakayesema kwamba boksi na gundi havimfundishi mtoto tabu ya mtu anayefanya kazi juani. Ni kweli. Tena heshima isiyo na haki ni maneno matupu. Sheria Na. 15 ya mwaka 2017 inampa mfanyakazi wa nyumbani siku moja ya mapumziko yenye malipo kila wiki, na kazi isiyozidi saa 10 kwa siku. Asiyetimiza hayo asijisumbue kumfundisha mwanawe maadili kwa kutumia vizibo. Lakini haki nayo hutolewa kwa moyo zaidi na mtu aliyewahi kuchoka vidole mwenyewe.

Kwa hiyo napendekeza masharti mawili. La kwanza, mzazi asimalizie kazi ya mtoto ili ipendeze machoni pa wageni. Gari lililopinda ni la mtoto. Lililonyooshwa na baba ni la baba.

La pili ndilo gumu: mtoto afagie vipande vyake mwenyewe. Dada wa kazi akiitwa kuokota karatasi na kufuta gundi sakafuni, somo la asubuhi nzima limefutika. Mtoto atakuwa amejifunza kwamba kutengeneza ni kwake na uchafu ni wa mwingine, nasi tutakuwa tumemfundisha sisi wenyewe, katika nyumba zetu. Gari likishatembea, mpeni ufagio.