Neno "Imekufa"

Katika maneno yote ya fundi, sidhani kama lipo litamkwalo kwa wepesi kuliko "imekufa". Redio imekufa, pampu imekufa, simu imekufa. Mwenye mali hana la kubisha. Hajui kilichomo ndani, na ndiyo sababu amekuja kwa fundi. Swali langu basi ni hili: fundi ana haki gani ya kulitamka?

Hapa Bariadi mama mmoja mjane aliniletea kompyuta ndogo ya nyumbani, Sinclair ZX Spectrum, ya aina iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1982. Marehemu mumewe, mwalimu wa hesabu, aliiunga na runinga, na programu alizotunga mwenyewe akazihifadhi kwenye kanda za kaseti. (Si kitu cha kawaida katika nchi hii, ambayo mwaka 1974 ilipiga marufuku kuingiza kompyuta.) Mafundi wawili walikwisha kumwambia imekufa. Hakuna aliyelegeza hata skrubu moja.

Nilipima. Adapta yake ilikuwa imepotea, na Spectrum hutaka volti 9 ambazo, kinyume cha adapta nyingi za madukani, hasi huwa katikati ya plagi. Nikageuza nyaya. Nikabadili kapasita zilizokauka, vitu vya bei ndogo kabisa. Picha ikatokea kwenye runinga ya chogo, lakini vitufe vikawa kimya. Tepe za plastiki zinazounganisha kibodi na bodi hupasuka kwa uzee; nikakata ncha zilizopasuka, milimita chache tu, nikazichomeka upya. Vitufe vikaitika.

Kijana ninayemfundisha kazi akaniuliza faida yake ni nini. Simu yake ina kumbukumbu inayozipita mbali mno zile kilobaiti 48, na kwa siku ile ningetengeneza simu tatu za watu wanaolipa. Hoja yake ina uzito. Fundi naye ana watoto, na huku kwetu fedha huonekana pamba ikishauzwa. Sisemi kwamba analazimika kutengeneza kila kinacholetwa. Lakini "haitengenezeki" si sawa na "hailipi kuitengeneza". La kwanza ni habari ya kifaa, la pili ni habari ya fundi. Asemaye la kwanza huku akikusudia la pili amemnyima mwenye mali uamuzi uliokuwa wake: pengine angengoja, pengine angeongeza fedha, pengine angeitupa kwa moyo mweupe. Daktari asingesamehewa kwa hilo. Utaniambia, msomaji, kwamba kifaa si mtu. Kweli, ila aliyedanganywa ni mtu.

Kanda bado hatujazijaribu. Sauti iliyorekodiwa hufifia kwa miaka, nami nimemwambia mama waziwazi kwamba huenda zisisomeke. Akasema atazileta Jumamosi, akitoka shambani.