Riziki ya Kome wa Kilindini

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Sisi wa Kikagate tunaujua Mto Kagera. Bahari wengi wetu tumeisoma vitabuni tu. Hata hivyo, tumzingatie kiumbe mmoja wa huko: kome, mnyama laini aishiye ndani ya magamba mawili.

Mwaka 1984, katika Ghuba ya Meksiko, wanasayansi walikuta viumbe tele kwenye kina cha zaidi ya mita 3,000, mahali ambapo mwanga wa jua haufiki. Gesi huvuja kutoka chini ya sakafu ya bahari. Mojawapo hunuka kama yai viza, na kwetu ni sumu. Kome wa huko huchomeka mguu matopeni, akaifyonza, damu ikaipeleka kwenye matamvua. Humo wanaishi bakteria wanaoitumia kutengeneza chakula. Utumbo wake umedumaa. Hulishwa na wale aliowapa makazi.

Hadi leo spishi mpya za kome hao zinaelezwa. Mtaalamu hupima gamba, hulinganisha na spishi zinazojulikana, huhifadhi kielelezo makumbusho, ndipo hutoa jina. Lakini Surat Hud, aya ya 6, inatufundisha kuwa kila kiumbe riziki yake iko kwa Allah, naye anayajua makazi yake. Jina limekuja jana, riziki ilikuwapo.

Tazama sasa riziki hiyo inapitia wapi: kwa jirani. Tunao wenzetu kutoka Nakivale wanaosoma nasi Mbarara. Mgao wa chakula ukipunguzwa nyumbani, na hosteli sufuria hukauka. Tukimwambia mmoja wao, "Subira, ndugu, riziki hutoa Allah," kisha tukaenda zetu kula, tumesema neno la kweli ili kukwepa wajibu. Huenda riziki yake Allah ameipitisha mfukoni mwako.

Mtaalamu hatoi jina kabla ya kuchunguza. Sisi mwenzetu tumeshampa jina, "mkimbizi," na hatujamuuliza anasoma nini wala jana alikula nini. Ijumaa hii, baada ya swala, muulize mmoja, kisha mle pamoja.

Ewe Mola, Mjuzi wa vilivyomo vilindini, tujaalie tuwe njia ya riziki kwa waja wako. Amin.