Mwangi, Toleo la Pili

Kwa Mkenya yeyote, Mwangi ni mtu. Ni jirani, ni dereva wa matatu, ni mwalimu wa hesabu. Katika Pathfinder, mchezo wa njozi wa mezani unaochapishwa na kampuni ya Kimarekani iitwayo Paizo, Mwangi ni nchi: misitu, mito, magofu na miji kadhaa ndani ya bara la Garund, ambalo ukilitazama kwenye ramani huhitaji kuambiwa limechorwa kwa kuangalizia bara gani. Wanadamu wa huko wana makabila makubwa manne, na mojawapo ni Wazenj. Zenj! Lile neno la Waarabu wa kale kwa watu wa pwani yetu, ambalo bado limo ndani ya jina la Zanzibar. Nililisoma mara ya kwanza kwenye simu, ndani ya basi la Songea kwenda Mbinga, nikacheka peke yangu hadi mama wa kiti cha pili akaniuliza kuna nini.

Kwa ambaye hajawahi kucheza: watu wanne watano wanakaa mezani. Mmoja ni msimulizi, wengine kila mmoja ana mhusika wake aliyeandikwa kwenye karatasi. Msimulizi anaeleza mlipofika, ninyi mnasema mnachofanya, dadu zinaamua kama mmeweza. Kampuni inauza kanuni za mchezo, na pia inauza ulimwengu: vitabu vinavyoeleza nani anatawala wapi, nani ana kisasi na nani, bandarini kunauzwa nini. Kila baada ya miaka kadhaa hutoka toleo jipya. Kanuni zikibadilika, wachezaji hulalamika wiki mbili. Ulimwengu ukibadilika, hulalamika miaka. Mwaka 2008 toleo la nne la Dungeons & Dragons liliirusha kalenda ya Forgotten Realms mbele kwa takriban miaka 100, mungu wa kike wa uchawi akauawa, nchi nzima zikatoweka ramani; toleo la tano, 2014, likarudisha mengi. Nimesikiliza watu wazima wakilizungumzia jambo hilo kama waliovunjiwa nyumba. Sikuguswa sana. Mwangi ndiyo iliyonigusa.

Toleo la kwanza la Pathfinder lilitoka 2009, na mwaka uliofuata kikaja kitabu cha Mwangi kilichoitwa Heart of the Jungle. Jina tu linatosha kukupa mtazamo wake. Msitu ulikuwa mahali pa kwenda kuchukua kitu: hazina, mji uliopotea, siri ya kale. Katika mji wa Usaro alitawala mfalme gorila. Watu wa nchi nzima walipewa lugha moja iliyoitwa Polyglot, kana kwamba mwandishi alichoka kabla ya kuzitaja lugha zao moja moja. Pwani kulikuwa na Sargava, koloni la walowezi waliotoka kaskazini, na katika mfululizo wa visa uitwao Serpent's Skull wachezaji waliweza kuchagua kuitumikia serikali ya koloni hilo. Biashara ya utumwa nayo ilikuwepo. Wabekyar, kabila jingine kati ya yale manne, ndio waliojulikana kwayo.

Toleo la pili lilitoka 2019, na hapa lazima niwape haki yao. Kalenda ya Golarion, ndilo jina la dunia yao, hutembea sambamba na yetu: 2019 kwetu ni 4719 kwao. Kwa hiyo kitabu kipya kilichukulia tu kwamba miaka kumi imepita. Ndani ya miaka hiyo wenyeji wa Sargava walikuwa wameinuka, wakaing'oa serikali ya walowezi, wakaiita nchi yao Vidrian. Polyglot ikaondoka, ikaja lugha yenye jina la Mwangi. Kisha 2021 kikatoka The Mwangi Expanse, kitabu kikubwa kilichoandikwa na waandishi wengi, weusi wakiwemo, ambamo watu wana siasa, vyakula, ugomvi wa urithi na vyuo. Chuo cha uchawi cha Magaambya, katika mji wa Nantambu, kilipewa mfululizo mzima wa visa ambamo wachezaji ni wanafunzi. Mimi, mwanafunzi wa uzamili anayesubiri wiki ya tano barua pepe kutoka kwa msimamizi wake, nilijiona nyumbani.

Mwaka huohuo 2021 Paizo ikasema jambo jingine: haitaendelea kuuweka utumwa katika vitabu vyake. Kwa baadhi ya miji vitabu vipya vinaeleza kwamba ulipigwa marufuku. Kwingineko neno limeachwa tu kutajwa.

Kundi letu hukutana likizo, Mbinga mjini, katika chumba kilicho nyuma ya steshenari. Tulipohamia toleo la pili, mchezaji mmoja, dada wa Liuli, alikuwa na mhusika aliyemcheza tangu mwaka wa kwanza chuoni: Mzenj aliyetoroka kwenye msafara wa Wabekyar akiwa na miaka tisa. Akakipekua kitabu kipya kwenye simu, kurasa nyingi. Halafu akauliza: "Sasa mimi nimetoroka nini?"

Hilo ndilo swali. Anayeunda ulimwengu wa kubuni akigundua kuna uovu aliouweka humo kwa wepesi, je, ana haki ya kuuondoa? Na akiuondoa, anawadai nini, au anadaiwa nini na, wale waliokwisha kuishi humo?

Jibu langu la kwanza lilitoka shambani. Panda miteremko ya Umatengo utaona ngolo. Nyasi hukatwa na kulazwa kwa mistari inayokatana hadi zifanye miraba. Udongo huchimbwa katikati ya mraba na kufunika nyasi. Linabaki shimo lililozungukwa na matuta, maelfu yake, mlima mzima ukionekana kama sega la nyuki. Mvua kubwa ikija, maji hutulia ndani ya mashimo badala ya kuteremka na udongo. Nyasi zinaoza na kuwa mbolea. Maharage, kisha mahindi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Kijapani wameyasoma mashimo hayo kwa miaka, na ni kweli yanastahili. Lakini uliza kwa nini mtu mwenye akili timamu alime kwenye mteremko ambao mbuzi anaufikiria mara mbili. Wazee watakujibu kwa neno moja: Wangoni. Katika karne ya 19 uvamizi uliwabana watu milimani, wengi mahali padogo, wakalazimika kuilisha midomo mingi kwa ardhi iliyosimama wima. Ngolo ni elimu, na ni kovu pia. Ukiandika toleo la Umatengo lisilo na uvamizi, mashimo yanabaki pale pale mlimani, ila sasa yamekuwa desturi ya ajabu ya watu wa ajabu. Hapo ndipo Heart of the Jungle ilipoanzia.

Chini, ufukweni, ni vivyo hivyo. Kwa miongo kadhaa majahazi ya Jumbe wa Nkhotakota yalivusha mateka kutoka ng'ambo hadi upande wetu wa Ziwa Nyasa, nao wakatembezwa kwa miguu hadi Kilwa. Na kufutwa kwa utumwa, kule kwenye historia halisi, hakukuwa kunyamaza. Kuna 1873, Sultani Barghash alipotia saini na soko la Unguja likafungwa, huku misafara ya bara ikiendelea. Kuna 1897, Unguja na Pemba. Kuna 1922, Tanganyika. Matoleo matatu, na kila moja lilikuwa na watu waliosukuma, waliokataa, na walioachwa njiani bila pa kurudi. (Wilaya nayo ina matoleo: tangu 2012 ufukwe si Mbinga tena, ni Wilaya ya Nyasa, na bado shangazi yangu wa Mbamba Bay akiulizwa kwao husema Mbinga.)

Kwa hiyo nilikuwa tayari kuwahukumu Paizo. Sargava waliibadilisha kwa kuwapa watu nafasi ya kutenda. Kalenda walikuwa nayo. Kwa nini utumwa wauondoe kwa kufumba mdomo?

Lakini msimamo huo una tatizo, na dada wa Liuli ndiye aliyelisema, ingawa mhusika aliyeathirika ni wake. Kitabu kinauzwa kwa watu wasiojuana. Yupo mchezaji mweusi wa Chicago aliyelipa pesa zake ili Jumamosi usiku awe mchawi anayeruka, na kila bandari anayofika anakuta soko la watu, limewekwa pale kama kitunguu kwenye mchuzi, ili mhalifu aonekane mhalifu. Wachezaji wana kadi yenye herufi X: ukiigusa, jambo linarukwa bila maswali. Nzuri. Ila anayelazimika kuigusa ni yuleyule siku zote.

Tukafika kwenye utani. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali. Leo ni watani. Kwetu Mngoni akiniita mtumwa wake, mimi namwambia arudishe kwanza ng'ombe wa babu, na hakuna anayekasirika. Vita haijafutwa. Imebadilishiwa kanuni. Zaidi ya hapo, Wangoni wengi wa leo ni wajukuu wa mateka, watu walioingizwa katika jina la waliowateka, na utani unalijua hilo hata pale vitabu vya shule vinapolipita haraka. Lakini utani una wenyewe. Hauanzishwi na mpita njia. Mgeni akija msibani akaanza kuwatukana wafiwa kwa sababu aliwaona watani wakifanya hivyo, atatolewa nje, na ni haki atolewe.

Paizo si mtani wetu. Nikilitazama hivyo, ukimya wao unakaribia adabu: mgeni ameacha kuchezea msiba usio wake. Bado ningependa adabu hiyo ingeandikwa. Mistari mitatu ingetosha: ulikuwepo, fulani na fulani waliupinga, uliisha mwaka fulani. Kampuni iliyoweza kuwaandikia Vidrian mapinduzi isingeshindwa hilo. Mchezaji mpya, asiye na bibi wa kumsimulia, atakutana na ngome na miji iliyojificha ndani ya msitu, na hatajua ilikuwa ikimkimbia nani.

Mezani kwetu tumeamua msafara ulikuwepo, na kwamba haturudi kuucheza isipokuwa dada wa Liuli mwenyewe ataomba. Sasa Mngoni wetu anataka mhusika wake mpya awe mjukuu wa aliyeuongoza msafara huo. Amekuja na historia yake imeandikwa kurasa mbili, mbele na nyuma. Dada wa Liuli amezichukua akazisome. Amesema atajibu kahawa ikishavunwa, na kwamba kwa vyovyote vile, ng'ombe wanarudi.